2G, 3G, VoLTE, waifai au WhatsApp: upige kwa njia ipi sauti isikike na chaji ibaki?

Mlalamikie fundi simu kwamba chaji haikai, na mara nyingi dawa ya kwanza atakayokupa ni kurudisha simu 2G. Mlalamikie kwamba sauti inakatakata, na huyohuyo atakwambia uweke 4G na uwashe VoLTE, yaani simu ya kawaida inayopita kwenye 4G. Hakudanganyi. Ila kila ushauri una mahali pake, na mahali penyewe ndipo pasipotajwa.

Kwa sehemu kubwa sauti na chaji vinaamuliwa na jambo moja: simu inarusha mawimbi kwa nguvu kiasi gani ili mnara uisikie, na inakuwa hewani kwa kipande gani cha kila sekunde. Nitalinganisha njia tano alizonazo mtu mwenye simu janja leo: 2G, 3G, VoLTE, simu ya kawaida inayopita kwenye waifai, na simu ya WhatsApp au programu nyingine ya aina hiyo. Sitazipa nafasi sawa, maana hazina uzito sawa.

Soma namba, achana na vipau

Vile vipau vya mtandao juu ya kioo kila mtengenezaji anajipangia anavyotaka. Weka simu mbili meza moja, zenye laini za mtandao mmoja, na si ajabu moja ikaonyesha vinne na nyingine viwili. Kwenye Android nyingi ukipiga *#*#4636#*#* na kuingia kwenye taarifa za simu, utakuta namba yenye alama ya kutoa mbele yake na herufi dBm nyuma yake. Kwenye iPhone ni *3001#12345#*. Hizo ni desibeli, na ndizo zinazosema kweli. Kwa 4G, -80 ni mtandao mzuri, -100 bado mambo yanakwenda, na ikifika -115 uko pembezoni. Kwa 2G kipimo ni tofauti kidogo: -70 ni raha, na -100 uko karibu na mwisho.

Cha kushika ni hesabu yake. Tofauti ya 3 ni nguvu mara mbili, na tofauti ya 10 ni mara kumi. Ukitoka dirishani penye -90 ukaingia chumba cha nyuma chenye bati juu na tofali pande zote, ukasoma -105, zile 15 zilizopotea maana yake simu inatakiwa irushe kwa nguvu takriban mara 30 ili mnara uisikie vilevile. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe au Lamu, zenye kuta nene za matumbawe, zinaweza kula kiasi hicho bila wewe kusogea hatua kumi.

Simu ikiwa bado na akiba ya nguvu, utaongea vizuri na wala hutajua kinachoendelea. Betri ndiyo inayolipa. Ikishafika kikomo haina cha kuongeza, na hapo sauti inaanza kuumia. Nayo huanza kuumia upande wa pili. Mnara una nguvu kuliko simu yako, kwa hiyo wewe unamsikia mwenzako sawasawa, na yeye ndiye anayerudia "haloo, haloo, husikiki, hebu toka nje." Ukiambiwa hivyo huku wewe unamsikia vizuri, usiilaumu simu yake. Anayeshindwa kufika ni wewe, basi toka nje kweli.

2G: ukingoni ndiko kwake

Simu ya 2G hairushi mfululizo. Kila masafa yamegawanywa zamu nane, na wewe unapewa moja: simu inarusha kwa mikrosekunde 577, inanyamaza zamu saba, kisha inarudi, karibu mara 217 kwa sekunde. Ule mngurumo wa "titititi" unaoingia kwenye redio au spika ukiweka simu ya 2G karibu yake ndio mpigo wenyewe.

Kikomo chake ni wati 2 kwenye masafa ya megahezi 900, na wati 1 kwenye 1800. Kwa kuwa ni zamu moja kati ya nane, wastani wake hauzidi robo ya wati hata ikiwa imekazana kabisa. Mnara nao hauiachi ijiamulie. Simu inapeleka ripoti ya jinsi inavyosikia kila milisekunde 480, mnara unajibu kwa kuamuru ongeza au punguza, kwa hatua za desibeli 2. Karibu na mnara inaweza kushuka hadi miliwati chache tu. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ukinyamaza, na mtandao ukiwa umeruhusu, simu inaacha karibu kabisa kurusha, na upande wa pili wanatengenezewa mvumo mdogo wa bandia ili wasidhani umekata. Kila ukoo una shangazi ambaye ukimpigia wewe, anayeongea ni yeye. Kwa simu ya namna hiyo kirushio chako kinapumzika sehemu kubwa ya maongezi.

Sasa linganisha na 4G, ambako kikomo cha simu ni miliwati 200. Wati 2 dhidi ya miliwati 200 ni mara kumi, yaani desibeli 10 za ziada pale unapobanwa. Ongeza kwamba megahezi 900 husafiri mbali na hupenya ukuta vizuri kuliko masafa ya juu, ndipo utaelewa kwa nini shambani, mlimani au kwenye dau, simu janja ya bei mbaya inahangaika huku kiswaswadu cha mvuvi kinaongea.

Udhaifu wa 2G uko kwenye sauti. Inabeba kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na sehemu kubwa ya kinachotofautisha S na F kwenye matamshi iko juu ya hapo. Ndiyo maana ukimtajia mtu jina au namba ya kumbukumbu unajikuta unasema "S ya Salama, siyo F ya Fatuma." Kodeki, yaani njia ya kubana sauti kuwa biti, ya kwanza ya GSM, ambayo ndiyo hiyo 2G, ilitumia kilobiti 13 kwa sekunde. Mtandao ukijaa, kama usiku wa kuamkia Idi au mwaka mpya, mnara unaweza kubana simu mbili kwenye zamu moja, na kodeki ya nusu hutumia kilobiti 5.6. Sauti inakuwa ya ndani ya debe, na hakuna kitufe kwenye simu yako cha kukataa.

Kwa kawaida pia ukiwa unaongea kwenye 2G data inasimama. Kwa dereva anayesubiri oda kwenye programu, dakika kumi za maongezi ni dakika kumi nje ya kazi.

3G: njia ninayoikwepa

Hapa hakuna zamu. Wote wanaongea kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale, na mnara unawatenganisha kwa misimbo. Anayerusha kwa nguvu kupita kiasi anawafunika wenzake, kwa hiyo mnara unarekebisha nguvu ya kila simu mara 1,500 kwa sekunde. Kihandisi ni kazi ya kupigiwa makofi. Kwa betri ni mzigo, kwa sababu simu inakuwa hewani mfululizo tangu unapopokea mpaka unapokata. Na mnara ukijaa watu jioni, eneo unalolifikia linajikunja: mahali uliposhika vizuri asubuhi, saa mbili usiku unahangaika.

Mfano mzuri ni Nokia 3310 iliyorudishwa sokoni mwaka 2017. Toleo la 2G lilitajwa na mtengenezaji kuwa linaongea takriban saa 22. Mwaka huohuo likatoka toleo la 3G, betri ni ileile ya 1,200 mAh, na muda wa kuongea ukatajwa kuwa saa 6 na nusu. iPhone 4 ya mwaka 2010 nayo Apple waliiandikia saa 14 za kuongea kwenye 2G na saa 7 kwenye 3G. Simu ileile, betri ileile, nusu.

Lakini tazama upande wa kukaa bila kuongea. Ile Nokia ya 2G ilitajwa kukaa hadi siku 31, ya 3G hadi siku 27. Tofauti inakuwa ndogo, na hapo ndipo ushauri wa fundi unapochechemea. Simu iliyotulia mfukoni, iwe 2G au 4G, inaamka mara moja kila sekunde moja au mbili kusikiliza kama inaitwa, kisha inalala. Ukishusha simu janja kwenye 2G ukaona chaji inakaa, sehemu kubwa ya ulichookoa haikutokana na redio. Umezinyima WhatsApp, TikTok na barua pepe uwezo wa kuvuta data. Kila ujumbe mmoja unaoingia kwenye 4G unaiamsha redio, na inabaki macho sekunde kadhaa baada ya ujumbe kwisha ikisubiri mwingine. Zima data usiku, utapata karibu faida hiyohiyo, na wala hujaishusha sauti ya simu zako.

Kuna watu wengi wanaongea kwenye 3G bila kujua. Simu inasoma 4G siku nzima, ila ukipiga tu inateremka, kwa sababu haina VoLTE au laini haijawezeshwa. Kipimo ni rahisi: piga simu, kisha tazama juu ya kioo ukiwa unaongea. Ikiwa 4G imegeuka H au 3G, simu zako zinapita 3G; ikigeuka E, zinapita 2G. Zile sekunde kadhaa za ukimya kati ya kubonyeza na kusikia ikiita ndizo simu inazotumia kushuka.

VoLTE: panapo mtandao, ndiyo ya kwanza

VoLTE ni simu ya kawaida inayobaki palepale kwenye 4G. Kwa kawaida inatumia dakika zako, si bando la data, na inaita haraka. Sauti inabebwa kuanzia hezi 50 hadi 7,000, na simu mpya zenye kodeki ya EVS, iliyopitishwa mwaka 2014, zinaweza kwenda juu zaidi. Tofauti huisikii kwa vipimo. Unaisikia pale mtoto anapoongea kwa mbali nyuma ya mama yake na ukamwelewa.

Lililo muhimu zaidi ni jinsi mtandao unavyoitendea. Pakiti za sauti ya VoLTE zina daraja lake: zinatengewa nafasi ya uhakika, na mtandao unalenga zifike ndani ya milisekunde 100. Data ya kawaida, ikiwemo simu ya WhatsApp, iko kwenye daraja linaloruhusu milisekunde 300 bila kuhakikishiwa nafasi yoyote. Mnara ukijaa vijana wanaotazama mpira kwenye simu, VoLTE inapita mbele yao.

Kwenye chaji, VoLTE imejifunza adabu ya 2G. Sauti inakatwa vipande vya milisekunde 20, na mtandao uliopangwa vizuri unaweza kuiacha simu ikusanye viwili, ivirushe pamoja, kisha redio isinzie hadi awamu inayofuata. Ukinyamaza inapeleka kipande kidogo mara moja kila milisekunde 160. Tena kazi ya kugeuza sauti kuwa biti, kwenye simu nyingi, inafanywa na chipu ya modemu, ile chipu kubwa inayoendesha Android au iOS ikiwa imelala. Ukiongea nusu saa ya VoLTE karibu na mnara, simu haipati hata joto.

Jambo dogo linaloleta tofauti kubwa ni vichwa vya pakiti. Kipande kimoja cha sauti ya kilobiti 12.2 kwa sekunde kina takriban baiti 31. Ili kisafiri kwa njia ya intaneti kinavishwa anwani na maelekezo ya baiti 40: bahasha ni nzito kuliko barua. VoLTE inaibana bahasha hiyo hadi baiti chache tu, kwa kuwa simu na mnara wanajua kwamba karibu kila kitu juu yake kinajirudia. WhatsApp haina namna ya kuuomba mnara jambo hilo.

Ukifika pembezoni VoLTE haikati tamaa mapema. Inaweza kushusha kiwango cha kodeki, na inaweza kurusha kipande kilekile mara nne mfululizo ili mnara ukiokote. Hapo ndipo chaji inapoanza kuliwa. Ikishindikana kabisa, na mtandao ukiwa umeandaa njia hiyo, simu inahamishwa 2G au 3G katikati ya maongezi. Utaisikia: hukatiki, ila sauti ya mwenzako iliyokuwa imejaa inageuka nyembamba ghafla. Usishangae, ni njia tu imebadilika.

Masharti yake ni matatu, na likikosekana moja hakuna VoLTE: simu iwe inaiweza, laini iwe imewezeshwa, na mtandao uwe umeitambua aina hiyo ya simu. La tatu ndilo linalowaliza watu. Simu iliyotoka Dubai au Marekani ikiwa nzima kabisa inaweza isipate VoLTE hapa kwa sababu mipangilio ya mtandao wa hapa haimo ndani yake. Uliza hili kabla ya kulipa, na ukiweza weka laini yako upige dukani hapohapo. Sauti pana nayo inataka wote wawili muwe nayo. Ukimpigia mwenye kitochi cha 2G, mtashuka wote kwenye ile hezi 3,400. Hata mkiwa na VoLTE wote lakini mitandao tofauti, mara nyingi sauti pana inaishia mpakani mwa mitandao hiyo miwili.

Usifuate kijana atakayekwambia uweke "LTE pekee", yaani 4G tu, kwenye ile menyu ya 4636 ili intaneti iwe kasi. Kama huna VoLTE, simu haina pa kushukia. Kila anayekupigia ataambiwa hupatikani, na wewe utakaa ukidhani leo hakuna anayekukumbuka.

WhatsApp na wenzake

Simu za sauti za WhatsApp zilianza mwaka 2015 na leo, kwa familia zenye watu ng'ambo, ndizo simu. Sababu si bei peke yake. Kodeki ya Opus inayotumiwa na programu nyingi za aina hii inaweza kubeba sauti pana kuliko simu ya kawaida, na haijali mwenzako yuko mtandao gani wala nchi gani. Simu ya kawaida kutoka Mombasa kwenda Toronto inapita mikono mingi na mara nyingi inafika ikiwa imekonda. Ya WhatsApp inafika kama ilivyotoka, bora intaneti ya pande zote mbili iwe imetulia. Opus pia inaweza kubeba ndani ya pakiti moja nakala hafifu ya pakiti iliyotangulia, ili ikipotea moja sauti isipate pengo.

Bei yake unailipa kwa chaji. Programu inaendeshwa na chipu kuu, kwa hiyo chipu hiyo haiwezi kulala mnapoongea. Redio nayo inakaa macho, kwa sababu mnara hauna habari kwamba hii ni sauti yenye mpangilio wa kusinzia na kuamka. Ongea saa nzima kwa WhatsApp kwenye 4G hafifu, simu itakuunguza sikio.

Na data? Hesabu yake ni nyepesi. Chukua sauti ya kilobiti 24 kwa sekunde, pakiti 50 kila sekunde, kila moja na bahasha yake ya baiti 40: bahasha peke yake ni kilobiti 16. Jumla 40 kwenda na 40 kurudi, ambazo ni takriban kilobaiti 600 kwa dakika. Kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna kitufe cha kutumia data kidogo kwa simu. Kiwashe bando likiwa dogo au mtandao ukiwa unasuasua. Sauti itapungua unene kidogo, ila itakatika mara chache, na mimi naona sauti nyembamba isiyokatika ni bora kuliko nene yenye mashimo. Kama simu inasoma E, wala usijaribu. Mtaishia kupeana zamu kama redio za polisi.

Kuhusu kuchelewa: Shirika la Mawasiliano la Kimataifa, ITU, limeweka milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa kiwango cha maongezi mazuri, na 400 kuwa ukomo. Zaidi ya hapo mnaanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza. Kama mnara wa kijijini kwenu unaunganishwa kwa setilaiti ya kilomita 36,000 juu, kupanda na kushuka peke yake ni takriban milisekunde 240. Hapo WhatsApp, VoLTE na 2G zote ni sawa, na hakuna kitufe cha kusaidia.

Walioko Falme za Kiarabu wanajua kikwazo kingine. Kule simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa kwa miaka mingi, na watu hutumia programu zilizoruhusiwa kama Botim. Kumpigia mtu wa Dubai kwa WhatsApp ukaona inaita tu bila kuunganika hakuna uhusiano na betri wala mnara wako.

Waifai

Simu kwa waifai, ile inayowashwa kwenye mipangilio ya laini, hupita kwenye intaneti ya nyumbani hadi kwa kampuni yako ya simu, ikakatwa dakika zako za kawaida. Kwa anayeishi ndani ya kuta zinazoua mtandao ndiyo dawa. Kirushio cha waifai hutumia makumi ya miliwati, na kila pakiti inachukua chini ya milisekunde moja hewani, badala ya simu kujikakamua kuufikia mnara wa mbali.

Siri ya chaji iko kwenye ruta. Simu iliyotulia kwenye waifai husinzia na kuamka kusikiliza mwito wa ruta, ambao kwa kawaida hutoka kila milisekunde 102.4. Sauti haiwezi kusubiri hivyo. Inakuja kila milisekunde 20. Ruta yenye WMM, mpangilio unaoipa sauti kipaumbele kwenye waifai, tena yenye sehemu yake ya kuokoa nguvu, inairuhusu simu ikipeleka pakiti yake ichukue papo hapo zilizokuwa zikiisubiri, kisha ilale tena. Bila hiyo simu inakesha. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uhakikishe WMM imewashwa. Ikizimwa, sauti nayo inapoteza kipaumbele, na mtoto akianza kupakua gemu wewe unageuka roboti.

Kwenye gigahezi 2.4 utakutana na ruta za majirani wote wa ghorofa pamoja na visikizio vya Bluetooth. Ukiwa chumba kimoja na ruta, tumia masafa ya gigahezi 5. Na kama hiyo ruta yenyewe ni ya 4G iliyowekwa sebuleni, jua maongezi yako yanapita redio mbili. Faida ni kwamba ile inayohangaika na mnara ina umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, ruta inazimika na maongezi pia, labda simu yako iweze kuhamia VoLTE bila kukata. Mtaa wenye mgao, ruta bila betri ya akiba ni kamari.

Basi uchague nini?

Unaishi mjini, 4G inasoma bora kuliko -105 pale unapokaa: VoLTE, na data izimwe usiku. Sioni sababu ya kuishusha simu kama hiyo 2G isipokuwa umebakiwa na asilimia tano na una safari ya kumalizia njiani.

Uko shambani, mgodini au ziwani, na 4G inakuja na kuondoka: weka 2G kwa siku hiyo. Simu inayopanda 4G, inaipoteza, inashuka, kisha inajaribu tena, inamaliza chaji bila wewe kupiga hata simu moja. Kama chaguo lililopo ni 3G au 2G, na unachotaka ni kuongea tu, nenda 2G.

Unaongea na mtu wa ng'ambo: WhatsApp kwenye waifai, si kwenye data ya simu kama unaweza kusubiri ufike nyumbani. Ndugu wa Marekani hana huu uchaguzi wa 2G na 3G tunaoujadili; AT&T walizima 3G Februari 2022 na Verizon mwishoni mwa mwaka huohuo. Ukimtumia simu ya zamani isiyo na VoLTE unampelekea kioo tu.

Mwenye duka la kutuma na kutoa pesa kwa simu, ambaye simu isipoita biashara imelala, simpendekezei simu janja kwa laini ya kazi. Kitochi cha 2G, laini moja, dirishani. Kitakaa na chaji siku nyingi, na ujumbe wa muamala utaingia hata akiwa anaongea.

Nyumba inaua mtandao lakini intaneti ipo: simu kwa waifai. Intaneti haipo: chukua visikizio vya waya vya bei rahisi, acha simu dirishani, ongea umekaa kitini. Unakwepa ukuta, na unaitoa simu mkononi, kwa sababu kiganja kinachofunika antena ya chini kinakula desibeli kadhaa peke yake. Kwa pesa ya visikizio hivyo sijaona kinachoongeza sauti na chaji kwa pamoja kiasi hicho.

Halafu ikague laini ya pili. Wengi wetu tuna mbili, na moja mara nyingi ni ya mtandao usioshika mtaani kwetu, tumeiacha humo kwa ajili ya ofa za wikendi. Laini isiyo na mtandao haitulii. Inatafuta mnara mchana na usiku kwa nguvu kuliko ile inayofanya kazi. Nenda kwenye mipangilio ya laini, izime, uiwashe Jumamosi ofa ikianza.